Huruma ya wanafunzi wa mifugo tunaiua sisi wenyewe

Mhariri,

Salamu toka Uyui, Tabora. Naomba kanafasi niongelee hawa vijana wanaosomea udaktari wa wanyama, maana kila mwaka wanaletwa huku fildi na boma langu lipo njiani, kwa hiyo wanapita sana kwangu, na kuna kitu nimekiona kinaninyima raha.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja, ndo kwanza kamaliza mwaka wa kwanza chuoni. Siku hiyo tulikuwa tunahasi madume mawili niliyotaka yawe maksai wa kulimia, na unajua huku kwetu dume tunaliacha mpaka likomae shingo ndo tunaita badizo, lile koleo kubwa linalobana mishipa bila kupasua ngozi, na kwa sababu damu haitoki basi watu wanajipa moyo kwamba haliumi kivile. Dume liko chini, miguu imefungwa, vijana wanne wamelilalia, binti akasema kwa adabu zote, "Samahani babu, ganzi iko wapi?" Tulicheka mpaka mmoja akaachia kamba. Nikamjibu mjukuu wangu hapa siyo hospitali ya mkoa, hata mimi nilipong'olewa jino hiyo ganzi sikuiona (uongo mtupu, nilichomwa sindano mbili na bado nililia). Bwana mifugo akamalizia, hayo ni ya darasani, huku ni kazini. Binti akanyamaza akashika badizo akabana, upande wa pili alibana kageuza uso.

Sasa mwaka huu karudi, ameshakuwa mtu wa mwaka wa tatu, kaja na wadogo zake wawili wageni kabisa wa fildi. Kijana mmoja akauliza swali lile lile la ganzi, na aliyecheka wa kwanza ni yule binti. Akamwambia ng'ombe siyo mbwa, huyu haumii hivyo, utazoea. Mhariri, lile cheko nililitambua, lilikuwa la kwangu.

Nilidhani labda ni mazingira yetu, umaskini, vumbi na nini. Kijana wangu ambaye ni mwalimu ndo akanieleza kwamba hata Uingereza wameliona hili, mwaka 2000 watafiti wawili, Paul na Podberscek, walitoa utafiti wao waliowauliza wanafunzi wa udaktari wa wanyama kwenye vyuo vikuu viwili vya huko, wakakuta wale wa miaka ya mwisho wanaamini mbwa, paka na ng'ombe wana hisia kidogo kuliko wanavyoamini wale wa miaka ya mwanzo. Yaani kadri anavyosoma ndo anavyozidi kuona mnyama hahisi! Na huko ganzi wanazo. Kwa hiyo tusijifiche kwenye kukosa hela peke yake.

Halafu hilo la "ng'ombe haumii" mimi mchungaji wa tangu utoto nalipinga. Ng'ombe ni mnyama wa kuliwa na simba, akionyesha anaumwa ndo anachaguliwa yeye, kwa hiyo anaficha. Ila ukimkalia utamwona. Yale madume yangu siku ile yalisimama mgongo umepinda, masikio yamelala, moja lilikuwa linasaga meno, na mpaka jua linazama hakuna lililocheua. Mtu wa mjini hawezi kuyajua hayo lakini daktari anatakiwa ayaone kabla yangu, bado anafundishwa na watu kama mimi kutoyaona.

Kwenye punda ndo usiseme. Serikali ilipopiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022 tulifurahi, na Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukakataza biashara ya ngozi zao, sawa, ngozi imepona. Ila simama barabarani asubuhi mikokoteni ya maji na mkaa ikiingia Tabora mjini, angalia chini ya ile kamba ya kifuani, kidonda kimekaa mpaka kimekuwa na makunyanzi. Wanafunzi wanapita hapo hapo na makoti yao meupe wanaenda mnadani, hakuna anayesimama. Siwalaumu sana, nani atawapa maksi kwa kidonda cha punda?

Maana hapo ndo penyewe. Yule binti alinionyesha daftari lake la fildi. Umechanja wangapi, umehasi wangapi, umeogesha wangapi, bwana mifugo anasaini. Hakuna sehemu hata moja inayouliza ulimshikaje, ulimwangushaje, alitulia baada ya muda gani, ulimshauri nini mwenye mali. Zile uhuru tano za mnyama, asikae na njaa na kiu, asiteswe na mazingira, asiumwe, asiishi kwa hofu, aachwe na tabia zake, wanazo kichwani zote wanaziimba kama watoto wa darasa la pili wanavyoimba jedwali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Kwenye mtihani wa karatasi wanafaulu vizuri tu, ila kwenye boma wanapimwa kwa spidi, na mwenye spidi ni yule asiyemtazama ng'ombe usoni.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo, waongezeni ukurasa kwenye hilo daftari, na mkija kukagua fildi msiishie kunywa chai kwa bwana mifugo, njooni bomani muone vijana wenu wanafundishwa nini na sisi. Na mwanafunzi akiuliza ganzi asiachwe peke yake na wazee kumi wanaomcheka, mkubwa wake aseme neno.

Mimi nina dume jingine la kuhasi kiangazi hiki, nzi wakipungua. Nimeshamwambia bwana mifugo safari hii aje na ganzi, nitalipa, na tutasubiri dakika zake ishike ndo tubane. Akanitazama akauliza, "Mzee, kwani umevuna tumbaku ngapi?" Nikamwambia aje nayo, na yule binti amwite.

Mfugaji, Uyui, Tabora