Kaka Gwakisa, bati ziko wapi?

Ashington, Uingereza, Jumapili 21 Septemba 2025

Kaka Gwakisa,

Mugonile wote hapo nyumbani. Meseji yako ya marumaru za kaburi la baba niliipata nikiwa zamu ya usiku, na ile ya pili, na ile ya sauti uliyoniita mzungu. Nitakujibu. Kwanza mwite mama akae, umsomee wewe mwenyewe, maana Atupele akisoma anarukaruka.

Mama, nimeshinda. Nimekuwa wa tatu kwenye mashindano ya liki. Usicheke! Liki hizi hizi, ndugu wa kitunguu, unazoziona zimerundikwa sokoni Isongole, huku mwanaume anaheshimiwa nazo. Zinapandwa kwenye mtaro uliojazwa samadi, wengine wanazinywesha bia, na siri ya mbolea mtu anazikwa nayo. Urefu wa shina si kitu, likizidi inchi 6 umekosea. Kinachogombewa ni unene. Majaji wanakuja na futi, wanapima, wanapiga hesabu. Nilizisafisha zangu kwa sponji na maji ya vuguvugu kama mtoto anayepelekwa ubatizo, nikazilaza mbili juu ya kitambaa cheusi. Mama, zilikuwa nene kuliko paja la mtoto wa Atupele! Mwanamke peke yangu pale mezani, na mweusi peke yangu. Picha nimetuma, mwonyeshe na mchungaji.

Bustani si yangu, ni ya yule mzee ninayemtunza. Magoti yamekataa, kwa hiyo anakaa kwenye kiti cha plastiki ananiamrisha. Aliingia shimoni ana miaka 15. Mikono yake ina michirizi ya bluu: ukichanika chini kule, vumbi la makaa linaingia kwenye kidonda na ngozi inalifunika humo humo. Siku ya kwanza namwogesha nilishtuka, nikakumbuka lile kovu la goti la baba ambalo sisi watoto tulidhani ni wino. Nikamwambia mzee baba yangu pia alikuwa wa makaa ya mawe, Kiwira. Tangu siku hiyo ananiita "marra", ndivyo wanavyoitana watu waliofanya kazi pamoja shimoni. Watoto wake mwenyewe hawaiti hivyo.

Miaka ya 1840 hapa palikuwa mashamba tu. Makaa yakaleta watu mpaka wakawa wanajisifu kuwa ndicho kijiji kikubwa cha wachimbaji kuliko vyote duniani. Nyumba zilijengwa na kampuni, zimeshikana mstari mmoja mrefu, na hawakujisumbua hata kutafuta majina: Safu ya Kwanza, Safu ya Pili, mpaka ya Kumi na Moja. Choo nje, ng'ambo ya njia. Mgodi wa hapa ulifungwa 1988. Fikiria, miaka ile ile Wachina wanatujengea Kiwira na baba anarudi na ile redio, huku wenzake wanaambiwa basi.

Mgodi wa jirani, Woodhorn, sasa ni makumbusho. Nimekwenda mara mbili. Wanawakumbuka watu 13 waliokufa gesi ilipolipuka tarehe 13 Agosti 1916, siku ya Jumapili. Na kuna picha za kuchora za wachimbaji wenyewe. Mwaka 1934 waliita mwalimu kutoka Newcastle awafundishe kuelewa michoro ya wachoraji wakubwa. Akaona maneno hayasaidii, akawapa brashi wachore wao. Wakachora walichokijua: zamu, mbwa, mabanda ya njiwa. Watu waliotoka kazini weusi tii, Mama, wakikaa jioni kuchanganya rangi.

Treni ya abiria waliiondoa 1964, imerudi Desemba iliyopita. Mzee alitaka kwenda stesheni, tukasimama kwenye baridi na umati wa watu wanapunga mikono kama Mwenge unapita.

Baridi nimeizoea. Kazi nzuri. Ndizi za hapa hazina ladha, basi.

Kaka, mpaka hapo ndiyo barua ya mama. Chini ni yetu sisi wawili.

Mwaka juzi nilituma 1,800,000 za bati. Wiki iliyopita Atupele kanitumia picha ya mama anaanika maharage. Sikuyaangalia maharage. Niliangalia juu: bati zile zile za baba, na lile sufuria bado liko barazani linakinga maji. Na nyuma, imefunikwa kanga ya mama, kuna pikipiki. Hukuniambia una pikipiki, kaka. Sasa unataka 2,500,000 baba apate marumaru, mama aendelee kulowa?

Wewe shabiki wa Man U, nikupe ya mji huu. Bobby Charlton, yule mchezaji wenu wa zamani, ni wa hapa hapa, yeye na kaka yake Jack. Mwaka 1966 wanacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na Ureno, wote wawili uwanjani, baba yao hakuwaona: alikuwa kwenye zamu mgodini. Baba wa hivyo unamjua, sina haja ya kukueleza.

Mzee wangu ana mdogo wake, tumbo moja, mtaa wa pili tu. Kwenye ule mgomo wa wachimbaji wa 1984 mpaka 1985 mdogo mtu alirudi kazini kabla haujaisha, wenzake wanakula chakula cha kuchangiwa. Miaka 40 hawajasemeshana. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye liki. Mzee alisimama mbele ya meza yake muda mrefu, kimya, tukaondoka. Jumatatu nimekuta liki moja mlangoni imefungwa gazeti. Huwezi kukosea unene ule. Mzee akasema nipike. Akala supu sahani mbili, ya tatu akaniomba nimwekee ya kesho.

Nimemtumia Atupele 900,000, si wewe, usikasirike. Fundi alipwe bati zikishapigwa, si kabla, na risiti zipigwe picha. Za baba tutaongea Krismasi, kama pikipiki inaleta chochote nawe utachangia.

Mwambie mama nitapiga Jumatano.

Mdogo wako,
Tumpe

Hiyo pikipiki, kwenye picha naona kama nyekundu. Ni nyekundu?