Aliyetoka mkiani naye aitwe jukwaani

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu mahafali ya kidato cha nne katika shule ya wasichana ya Kikatoliki hapa Bagamoyo nimeisoma mara mbili, mara ya pili cherehani nimeisimamisha. Mtakumbuka mliipa karibu ukurasa mzima. Mgeni rasmi kapata picha na aya sita. Binti aliyeongoza masomo tisa kapata picha. Ahadi ya kompyuta imepata kichwa chake cha habari. Wahitimu wengine wote mmewamaliza kwa maneno matatu: "pamoja na wenzake". Nalisoma gazeti hili miaka mingi, sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini maneno hayo matatu yamenikaa kooni.

Binti yangu alikuwa mmoja wa hao "wenzake" miaka miwili iliyopita, shule hiyohiyo. Alitoka shule ya msingi ya serikali, alikosoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akaingia kidato cha kwanza, akakuta fizikia kwa Kiingereza, baiolojia kwa Kiingereza, historia ya Kilwa na Bagamoyo yake mwenyewe kwa Kiingereza, na pembeni yake wamekaa watoto waliokisema tangu chekechea. Muhula wa kwanza alipata 9 fizikia na 11 hisabati. Akawa wa 97 kati ya wasichana 104. Likizo ya Juni mama yake aliikuta ripoti imekunjwa ndani ya soksi.

Mimi ni fundi. Sketi zake nilizishona mwenyewe, nikaacha upindo wa inchi nne, maana mtoto wa umri ule hasimami. Kila akirudi nafumua, nashusha, napiga pasi. Na kila akirudi, ripoti nayo imesogea. Fizikia 9 ikawa 17, ikawa 26, kidato cha tatu ikawa 39. Kuna Sista mmoja alikuwa akibaki naye baada ya prepu, yaani masomo ya kujisomea usiku, yeye na wengine watano sita, anawafafanulia neno kwa neno mpaka mlinzi anakuja kuzima taa. Hakudai senti. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Dunda, na nilimpeleka binti yangu kwa masista kwa kuwa nayaamini malezi yao. Mpaka leo nayaamini. Moku ya mwisho, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, alipata 48 fizikia, akawa wa 41.

Basi siku ya mahafali ikafika. Tulifunga duka, tukakodi bajaji, mama yake na shangazi zake wawili wamevaa sare, nimebeba shada la maua. Tuliketi chini ya turubai tangu saa tatu asubuhi, mgeni rasmi akaingia saa sita na nusu. Zikaanza zawadi. Kwanza kwa Kiingereza, kwanza kwa hisabati, kwanza kwa kemia, kwanza kwa jumla. Msichana mmoja alipanda jukwaani mara nane. Nilimpigia makofi mara zote nane, ni mtoto mwenye bidii, wala sina neno naye. Lakini alikuja kutoka shule ya msingi nzuri akiwa wa kwanza, akakaa miaka minne wa kwanza, akaondoka wa kwanza. Binti yangu alivuka watu 56. Hamsini na sita, Ndugu Mhariri, katika lugha aliyoanza kuielewa akiwa na miaka kumi na minne, kwa taa ya prepu, kwa miaka minne bila kukosa muhula. Hakuna aliyelisema. Haikuandikwa kwenye risala, haikutamkwa na mshereheshaji, mgeni rasmi hakuambiwa. Yule Sista naye hakutajwa, alikuwa nyuma anahesabu sahani. Binti yangu aliketi na joho lake mikono mapajani, na zawadi ya mwisho ilipotolewa akaniinamia akasema, "Baba, tuondoke kabla watu hawajapanga foleni ya pilau." Mtoto siku ya mahafali yake anataka kuondoka. Nilitaka kusimama niseme, mke wangu akanishika mkono. Nimeujutia mkono ule miaka miwili.

Matokeo yalipotoka Januari alikuwa na daraja la pili, pointi 20, na C ya fizikia. Sasa yuko kidato cha sita, anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia.

Najua mtasema ndivyo mahafali yalivyo. Mbona Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora? Baraza limeacha, ninyi na mabango ya barabara ya Bagamoyo mmeendelea. Kila kona kuna sura za watoto wa pointi saba, ufaulu wa juu kabisa. Na hili la mabango linanikumbusha jambo jingine ambalo hamliandiki kabisa, nalo ni mchujo. Mtoto wa jirani yangu, shule nyingine ambayo siitaji, aliambiwa mwisho wa kidato cha pili kwamba wastani wake haujafika, atafutiwe pengine. Miaka miwili baadaye shule ile ikasherehekea kwamba hakuna aliyefeli. Atafeli nani, ikiwa wote waliokuwa wakichechemea walishatolewa mlangoni na magodoro yao? Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868 waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kusoma, kulima na ufundi. Hakuna mtoto pale aliyeulizwa wastani wake.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja ninyi wa gazeti. Mkiandika mahafali ya shule yoyote, andikeni waliingia wangapi kidato cha kwanza na wanahitimu wangapi, namba mbili tu, mstari mmoja. Mwandishi wenu akinyimwa namba hizo, aandike kwamba amenyimwa.

Na shule ile niipendayo naiomba iweke zawadi ya aliyepanda zaidi. Itolewe ya kwanza, kabla ya kwanza kwa Kiingereza, wazazi wote wakiwa bado wameketi. Isomwe nafasi aliyoanzia na nafasi aliyoishia, na mwalimu aliyebaki naye baada ya prepu asimame pamoja naye. Zawadi yenyewe iwe mkoba, kwa kuwa mwenye kupanda bado ana safari ya shule. Nitaushona mimi, turubai ya kijani yenye bitana, mishono miwili kwenye mikanda, bila malipo, kila mwaka maadamu macho yangu yanatunga uzi. Kitambaa cha wa kwanza nimeshakikata. Nasubiri tu Sista aniambie kaunta buku zao siku hizi zina upana gani.

Fundi cherehani,
Magomeni, Bagamoyo