Koplo usu mwenye pembe

Cardiff, 5 Machi

Rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, ila baridi ndiyo inayotuonea.

Unauliza kama ile picha ya beberu aliyevaa joho la kijani na bamba la fedha kwenye paji la uso ni utani. Si utani hata kidogo. Yule ni askari wa Royal Welsh, kikosi cha watu wa Wales katika jeshi la Uingereza. Mbuzi wa kikosi hiki hupewa namba ya jeshi na hupanda cheo. Mchungaji wake anaitwa Meja wa Mbuzi, ingawa mwenyewe ni koplo tu!

Wanasimulia kwamba yote yalianza Marekani mwaka 1775, kwenye vita vya Bunker Hill, mbuzi mwitu alipoingia uwanjani na kutangulia mbele ya bendera yao. Mwaka 1844 Malkia Victoria akawapa mbuzi kutoka zizi lake.

Sasa sikia kisa cha beberu mmoja wao, Koplo Usu William Windsor. Juni 2006 walikuwa Cyprus, gwaride la kuadhimisha miaka 80 ya Malkia Elizabeth, mabalozi wamekaa wanatazama. Beberu akakataa kwenda sambamba na wenzake, kisha akataka kuwapiga pembe wapiga ngoma. Akashtakiwa kwa kukaidi amri, akavuliwa cheo, akawa askari wa kawaida. Askari waliokuwa wakimsimamia wima akipita, wakaacha. Septemba, kwenye gwaride la kukumbuka vita vya Alma (vya huko Crimea, 1854), akatembea kwa adabu na cheo akarudishiwa. Wewe uliyepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, utaelewa kuliko mimi: gwaride ni gwaride.

Maafisa wao nao wana vituko. Nyuma ya kola wananing'iniza riboni tano nyeusi, kumbukumbu ya enzi ambazo askari walisuka nywele mkia na mafuta yake kuchafua koti. Mikia ilipigwa marufuku 1808, riboni zimebaki. Na tarehe mosi Machi, sikukuu ya Mtakatifu David, afisa mpya hupanda kiti, mguu mmoja juu ya meza, akatafuna liki mbichi (mboga ya jamii ya kitunguu) huku ngoma ikirindima, na mbuzi anatembezwa kuizunguka meza.

Babu yako alivaa tarabushi la KAR (King's African Rifles), jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki. Hebu muulize, kikosi chao kilikuwa na mnyama? Nijibu upesi.

Wako,
Salum