"Haijaongezwa sukari" si "haina sukari"

Mteja anachukua boksi la juisi kwenye rafu, anasoma "haijaongezwa sukari", anasema: "Hii nampelekea mama, ana kisukari." Hapo huwa tunamwomba aligeuze boksi kwanza.

Maneno hayo yana maana kwamba kiwandani hawakutia sukari. Ile ya tunda lenyewe imo. Juisi ya chungwa ina gramu 8 hadi 10 hivi katika mililita 100, kwa hiyo glasi ya mililita 250 ina gramu 20 au zaidi, sawa na vijiko vitano vya chai. Machungwa matatu kuyala kwa mkupuo ni kazi, na nyuzinyuzi zake hushibisha. Kuyanywa ni dakika moja tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi na ya asali pamoja na ile ya kwenye kopo la jikoni, na tangu 2015 linasema ni bora zaidi mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku.

"Haina sukari" ni dai zito zaidi. Kwa viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, isizidi gramu 0.5 katika gramu 100. Lakini biskuti ya namna hiyo bado ni unga, na unga tumboni hugeuka glukosi. Mwenye kisukari asome mstari wa wanga wote, asiishie kwenye mstari wa sukari.

Viambato navyo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta glukosi, dekstrosi na juisi iliyokolezwa katika orodha moja, zote zijumlishe kichwani kama sukari. Na unapolinganisha bidhaa mbili, tumia safu ya gramu 100, kwa sababu "kipimo kimoja" kila kampuni hujipangia, na chupa moja inaweza kuwa na vipimo viwili.

Jambo moja tunalisisitiza kwa wanaomuuguza mtu anayetumia insulini: juisi ya kawaida isikosekane nyumbani. Sukari yake ikishuka, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, naye bado anaweza kumeza, mpe nusu glasi mara moja. Soda isiyo na sukari haitamsaidia wakati huo.

Ukiwa na pakiti inayokutatiza, hata kama hukuinunua kwetu, njoo nayo tuisome pamoja.