Kila homa si malaria, kila gari lisilowaka si betri

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba mabasi madogo yaliyovuka miaka 25 ni skrepa inayotembea, na kwamba sisi wenye nayo tunapoteza fedha kwa ubishi tu. Fedha nimepoteza, sikatai. Ila aliyenipotezea si gari.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Kigamboni. Mimi na mzee wangu tuna Toyota Coaster ya mwaka 1994 iliyokuwa ikibeba wanafunzi. Tuling'oa viti, mafundi wa Keko wakatutengenezea kitanda na makabati, tukafunga jiko la gesi, friji ndogo, pampu ya maji na taa. Majirani wanaiita gesti bubu, tumeshazoea. Tumelala nayo Bagamoyo, Lushoto na Mikumi.

Miezi mitatu baada ya kufunga friji, gari likaanza kugoma kuwaka, na mara nyingine kuzimika njiani. Siku iliyoniudhi kuliko zote tulikuwa ndani ya pantoni. Tumefika Magogoni, mzee anageuza ufunguo, stata inaguna mara moja, kimya. Nyuma honi, ubavuni bodaboda zinapenya, hadi vijana wakatusukuma kutoka nje na kudai ya soda. Fundi wa kwanza hakushika hata waya. "Mama, betri zimekufa hizi." Tukanunua mbili mpya, shilingi 540,000. Baada ya wiki saba moja ikafa, na mwenzake akawa anachemka na kunuka mayai viza. Fundi wa pili akasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Tukabadilisha. Wa tatu akasema stata, tukabadilisha nayo.

Mhariri, haya niliwahi kuyafanya mimi mwenyewe, tena kwa binadamu. Nilipoanza kazi, mtoto akiletwa na homa tulimwandikia dawa ya malaria, basi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Vilipotufikia vile vipimo vya tone la damu nikaona mwenyewe: watoto wangapi tuliokuwa na uhakika nao walitoa mstari mmoja tu, hawana malaria! Homa ilikuwa ya sikio, ya kifua, ya mkojo.

Fundi wa nne ni kijana mwenye gereji chini ya mwembe, hata bango hana. Alinisalimia shikamoo, kisha akauliza: "Tatizo lilianza lini, mama? Na kabla ya hapo mlifunga kitu gani kipya?" Nikacheka. Hayo ndiyo maswali niliyouliza wodini miaka yote.

Alitueleza kwamba Coaster yetu ina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo ili kupata volti 24. Friji, pampu na taa zetu ni za volti 12, na aliyezifunga alichukua umeme kwenye betri moja tu. Akawasha injini na kupima kwa mita: zote mbili kwa pamoja, volti 28. Safi kabisa, altaneta haina neno. Halafu akapima kila betri peke yake. Moja ilisoma 12.9, nyingine 15.1. Altaneta inaangalia jumla, haijui nani kala na nani hajala. Betri moja ilikuwa inakufa njaa, mwenzake analishwa mpaka anatapika. Tungenunua betri mpya kila msimu hadi kiama. Alitufungia kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachokula kwenye betri zote mbili sawasawa, na mambo ya ndani yote yakahamia huko.

Hata hivyo stata bado ilikuwa nzito. Akaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, akamwambia mzee ageuze ufunguo. Mita ikasoma volti 2.3, mahali ambapo hapatakiwi kufika hata nusu volti. Akaingia uvunguni, akatoka na waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini, umeliwa na kutu. Kigamboni, upepo wa chumvi usiku na mchana, ningetegemea nini? Msasa, waya mpya, grisi kidogo: shilingi 25,000.

Kuzimika njiani nako kulikuwa na historia yake. Nozeli, zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zilishashushwa na kwenda kupimwa, zikarudi nzima. Kijana alitoa kipande cha mpira wa dizeli karibu na filta, akaweka mpira mweupe unaoonyesha ndani. Povu za hewa zikapita mbele ya macho yangu kama kwenye dripu iliyofungwa vibaya. Mpira wa zamani ulikuwa umepasuka kwenye klipu, unavuta hewa.

Sina ugomvi na mafundi, wapo wanaofanya kazi kwenye jua na matope na wanakopwa na watu wenye suti. Ninachoomba ni risiti iseme kilichopimwa na kilisoma ngapi, kama cheti cha maabara. Na sisi wateja tuulize hivyo kabla ya kutoa pochi, halafu tudai kifaa cha zamani. Altaneta yetu, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilibaki kwa fundi wa pili. Nikipita pale huwa naiulizia.

Msomaji yule wa skrepa namkaribisha. Ijumaa asubuhi tunavuka kwenda Bagamoyo, tukiwahi pantoni ya saa kumi na mbili. Soda zitakuwa baridi.

Mkunga mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam