Kwanza banio na tepu, sindano baadaye

Mhariri,

Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, umeingia sekondari kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na shule zinazotaka kufundisha afya ya mifugo huwaza sindano na dawa kwanza. Tunaziomba zianze na banio, yaani kichochoro chembamba cha miti kinachomshika ng'ombe asimame tuli. Hakuna anayejifunza kupima homa kwa ng'ombe aliyefungwa shingo kwenye mwembe.

Miti ya kawaida inatosha. Nguzo zifukiwe sentimita 60 au zaidi, upana wa ndani uwe sentimita 70 hivi. Ukizidi sana, ng'ombe anageuka humo humo na kumbana mtu mkono. Fito zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, ili ng'ombe akisukuma azikandamize badala ya kuzing'oa.

Kipima joto kipakwe mafuta, kiingizwe njia ya haja kubwa, kisha kiegemee ukuta wa utumbo. Kikichomekwa katikati ya kinyesi kinasoma chini, na ndigana kali, ugonjwa wa homa unaoletwa na kupe, inapita hivi hivi. Ng'ombe mzima mwenye afya yuko karibu na nyuzi 38.5.

Somo linalorukwa kuliko yote ni uzito. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, halafu urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,838. Mzunguko 150 na urefu 120 ni kilo 249. (Tepu ya fundi cherehani huishia 150, kwa fahali tafuteni ndefu zaidi.)

Sasa dawa ya minyoo, albendazole ya asilimia 10 (miligramu 100 kwa kila mililita), miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito: huyo wa kilo 249 anahitaji mililita 19. Aliyemkadiria kwa macho kilo 180 atampa 14, na minyoo inayobaki ndiyo inayozoea dawa. Mwenye mimba ya siku 45 za kwanza asipewe kabisa.

Kunywesha nako kuna namna yake. Chupa ipite pembeni mwa mdomo, pua isipande juu ya usawa wa macho, na mnyama apewe nafasi ya kumeza. Akikohoa, shusha kichwa mara moja. Dawa iliyoingia mapafuni huleta nimonia, na mfugaji atasema dawa ilikuwa mbovu.

Antibiotiki zibaki mikononi mwa wanaotambuliwa na Baraza la Veterinari, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003. Mwanafunzi aangalie, aandike dozi na siku za kutouza maziwa.

Mtihani wa vitendo usiwe wa kuchora tumbo lenye vyumba vinne. Mpeni mwanafunzi ng'ombe mmoja, tepu, kipima joto na dakika 20, aandike joto, uzito na dozi. Msimamizi apime upya.

Maofisa mifugo na walimu wa amali,
Morogoro