Kikao cha Jumamosi kuhusu wageni wa Ziwa Burigi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Tangu mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, ziwa letu limo katika eneo la utalii linalotambuliwa rasmi na Serikali, ilhali sisi hatuna hata kibao cha kuwaelekeza wageni pale njia panda. Tukutane Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, ofisi ya kijiji.

1. Mchango ni shilingi 10,000, umfikie mhazini kabla ya Alhamisi jioni. Mbao zimekwisha kupigwa randa, rangi ndiyo haijanunuliwa.
2. Wenye vyumba vya wageni waje na bei zao kwa maandishi.

Tafadhali thibitisha hapa kwa jina lako kabla ya kesho usiku. Chai itakuwepo.

Katibu